Shimo au Simu? Kupima Intakomu ya Helmeti

Kuna swali moja ambalo halijawahi kupima chombo chochote cha mawasiliano, nalo ni "Unanisikia?" Mwulize mtu swali hilo kwenye simu mbovu, kwenye redio ya upepo yenye mikwaruzo, au ndani ya helmeti pikipiki ikiwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, naye atakujibu, "Ndiyo, nakusikia." Alikuwa analitazamia. Amesikia mlio wenye lafudhi ya swali, na maneno yaliyopotea njiani akayajaza mwenyewe. Baadaye ukimwuliza, "Nilisema tukate kushoto kabla ya kituo cha mafuta au baada yake?" ndipo utakapojua kama alisikia kweli au alikuwa anaitikia kwa adabu.

Leo nazungumzia intakomu za helmeti. Ni vile vyombo vidogo vinavyofungwa ubavuni mwa helmeti, vyenye spika mbili kwa ndani na maiki mbele ya mdomo, ili dereva wa pikipiki azungumze na abiria wake au na mwenzake aliye kwenye pikipiki nyingine. Zamani tuliviona kwa watalii tu, wenye mapikipiki makubwa, wanaopita kwetu wakielekea Cape Town. Siku hizi wanavyo vijana wa klabu za pikipiki Arusha, Nairobi na Dar es Salaam, wanavyo wanaorekodi video za safari, na wanavyo watu wa kawaida ambao wamechoka kuzungumza na wake zao kwa kupigwa ngumi za mgongo. Zipo za kampuni kubwa, Cardo na Sena, ambazo bei yake inaweza kukununulia matairi mawili na chenji ikabaki. Zipo za Kichina zinazouzwa kwa sehemu ndogo ya fedha hiyo. Mimi naamini, na fundi yeyote wa sauti ataniunga mkono, kwamba intakomu ya bei ndogo iliyofungwa vizuri huishinda ya bei kubwa iliyofungwa ovyo. Wengi hawagundui hilo kwa sababu hawaipimi. Wanauliza tu, "Unanisikia?"

Na wanaulizia wapi? Sebuleni. Wamefungua boksi, wamevaa helmeti zao wakiwa wamekaa kwenye kochi moja, watoto wanacheka, mmoja anasema "halo, halo", mwingine anainua kidole gumba. Jaribio hilo halina maana hata kidogo, maana mtu aliyekaa karibu yako unamsikia kwa hewa. Ungezima vyombo vyote viwili mngeendelea kusikilizana. Tena vikiwa karibu hivyo vinaweza kuanza kupiga filimbi, kwa kuwa maiki ya huyu inaokota sauti ya spika ya yule na kuirudisha, na watu wakaamua kwamba chombo ni kibovu kumbe ni kizima. Ukitaka kupima nyumbani, mmoja akae ndani na mwenzake aende nyuma ya nyumba, penye ukuta katikati. Hapo angalau mtajua kwamba kinachosikika kimepita kwenye chombo.

Lakini kabla ya kupima kuna kufunga, na hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo mambo mengi yanapoharibikia.

Spika za intakomu nyingi zina kipenyo cha milimita 40 hivi. Tundu la sikio lako halifiki hata sentimita moja. Spika ikikaa juu ya taya, au nyuma ya sikio, au ikainama pembeni, sauti inakwenda kwenye sponji na kufia humo. Ukiisogeza kidogo tu, upana wa kucha, inabadilika kabisa. Helmeti nyingi za kisasa zina vishimo viwili upande wa masikio, vilivyotengwa kwa kazi hiyo. Unavua sponji za mashavu, unaviona, unabandika velkro, unaweka spika. Tatizo ni kwamba aliyebuni helmeti alitumia kichwa cha mfano, na masikio yako hayako lazima mahali masikio ya kichwa kile yalipo. Kwa hiyo usibandike moja kwa moja. Washa muziki kwa sauti ya chini sana, vaa helmeti, kisha ishike kwa mikono miwili uisukume taratibu mbele, nyuma, juu, chini. Mahali muziki unapopanda ghafla ndipo spika inapotaka kuwa. Ukiona kwamba sauti inapanda helmeti ikisukumwa mbele, maana yake spika ziko nyuma mno. Vua, sogeza, rudia. Fanya hivyo kila upande peke yake, maana masikio ya mtu mmoja hayalingani.

Usichonge povu. Narudia, kwa sababu nimewasikia mafundi wakijivunia kazi hiyo. Lile povu gumu jeupe au jeusi lililo nyuma ya sponji ni polistirini, lile lile linalofungiwa televisheni mpya, na kazi yake ni kupondeka kichwa kinapogonga lami, ili nguvu ya pigo iishie ndani yake isifike kwenye ubongo. Ukilichonga kwa kisu ili spika ikae vizuri, umepunguza kile ulichonunulia helmeti. Kama hakuna nafasi, tafuta spika nyembamba, au badilisha helmeti. Na kama spika inakubonyeza sikio, msidanganyane kwamba "utazoea". Ndani ya nusu saa sikio litawaka moto, na baada ya saa moja utavua helmeti njiani.

Sasa niseme jambo ambalo vijitabu vya maelekezo havilisemi, kwa kuwa vinaandikiwa watu wengine. Abiria wetu wengi ni akina mama na akina dada, na vichwa vyao haviingii kwenye helmeti vikiwa vitupu. Yupo aliyesuka, yupo mwenye rasta, yupo mwenye hijabu, yupo mwenye kilemba na hereni. Kitambaa cha hijabu chenyewe hakizuii sauti sana, ni chembamba. Kinachobadilika ni mkao. Helmeti inapanda juu kidogo, masikio yanabaki chini ya spika, na dada wa watu anasema hasikii kitu. Dereva anaongeza sauti, bado hasikii. Mtaongeza mpaka mwisho. Dawa ni kupanga spika akiwa amevaa atakavyovaa safarini, hijabu ikiwa imefungwa, nywele zikiwa zimesukwa. Akibadilisha msuko, mpange upya. Kwa upande wa hereni, avue, si kwa ajili ya intakomu tu. Na kama helmeti yenyewe haimkai, inacheza ukiishika kidevuni, achaneni kwanza na intakomu. Mnunulie helmeti inayomtosha.

Maiki ina mambo yake. Kwenye helmeti iliyofunga uso mzima hutumika maiki ndogo ya waya inayobandikwa ndani ya kidevu. Kwenye helmeti ya uso wazi, au ile inayoinuka kidevu, hutumika maiki yenye mkono unaopinda. Zote mbili zinapaswa kukaribia midomo, karibu kuliko unavyodhani, kiasi kwamba ukitoa midomo nje inagusa sponji. Kuna sababu ya kifizikia. Maiki nyingi za aina hii zina matundu mawili, moja linatazama mdomo na jingine linatazama nje. Kelele ya upepo na injini, ambayo inatoka kila upande, inaingia matundu yote mawili kwa kiasi kinachokaribiana, na chombo kinaitoa moja kwa nyingine. Sauti yako, kwa kuwa inatoka karibu, inaingia tundu la mbele kwa nguvu zaidi, kwa hiyo inabaki. Ukiisogeza maiki sentimita chache, faida hiyo inayeyuka, maana sauti yako nayo inaanza kufika matundu yote sawasawa. Na ukiifunga kinyume, sauti yako inaweza kufika ikiwa dhaifu. Ndiyo maana kwenye maiki hizo kuna alama, mshale mdogo au kidoti, ya kuonyesha upande wa mdomo. Alama hiyo hufichwa na sponji. Watu wengi hawajui hata kama ipo.

Sponji yenyewe isitupwe. Nimeona watu wanaiondoa kwa sababu "inaonekana mbaya".

Tukija kwenye kuunganisha, intakomu inafanya miunganisho ya aina mbili, na watu huichanganya. Upo muunganisho wa helmeti na simu, kwa ajili ya ramani, muziki na kupokea simu. Upo muunganisho wa helmeti na helmeti. Kila mmoja una kitufe chake na namna yake ya kubonyeza, na taa zake za kumetameta nyekundu na bluu. Chaji vyombo vyote viwili mpaka vijae kabla ya kuanza, maana betri ikikaribia kwisha hufanya vituko, na utadhani umekosea hatua. Anza na simu, kila mtu na yake, huku nyingine imezimwa, vinginevyo simu ya baba itaingia kwenye helmeti ya mama. Kisha unganisheni helmeti kwa helmeti. Mkishamaliza zimeni zote, subirini kidogo, washeni tena, mwone kama zinakumbukana zenyewe. Zisipokumbukana, bora mjue mkiwa uani kuliko mkiwa kando ya barabara ya Chalinze huku malori yanawapita.

Mkiwa zaidi ya wawili, ni vizuri kuelewa mfumo mlio nao. Intakomu za kawaida za Bluetooth huungana kwa mnyororo: wa kwanza kwa wa pili, wa pili kwa wa tatu. Wa pili akisimama kununua maji, wa kwanza na wa tatu wamepotezana, hata kama wanaonana kwa macho. Mfumo mpya zaidi ni wa mtandao, ambamo kila helmeti inaweza kupitisha sauti ya nyingine, na mmoja akitoka waliobaki wanaendelea. Cardo walianza kuuza mtandao wa namna hii 2015, Sena wakafuata na wao. Kwa watu wawili, dereva na abiria wake, hakuna sababu ya kulipia mtandao. Mko nusu mita.

Haya, twende barabarani. Hapa ndipo nataka tuache "Unanisikia?" tupime kweli.

Miaka ya 1920, mainjinia wa simu Marekani, akiwemo Harvey Fletcher wa maabara za Bell, walipotaka kujua simu inapitisha sauti vizuri kiasi gani hawakuwauliza watu kama wanasikia. Waliwasomea silabi zisizo na maana, wakawaambia waandike walichosikia, kisha wakahesabu. Silabi isiyo na maana haibahatishwi. Ama umeisikia, ama hukuisikia. Wazo hilo ni rahisi, na tunaweza kulitumia kwa Kiswahili chetu bila mashine yoyote. Andikeni kwenye karatasi maneno yanayokaribiana: shimo na simu, fisi na sisi, sita na tisa, tuta na futa, pita na piga, kaza na kata. Yachanganyeni ovyo. Karatasi usimpe abiria aishike, itaondoka na upepo. Ibandike kwa selotepu mgongoni mwa dereva. Abiria anasoma neno moja, dereva anarudia alichosikia, abiria anaangalia kama ndilo. Dereva macho yake yako barabarani, hana cha kusoma. Kisha mnageuza, dereva anataja tarakimu kwa kubahatisha na abiria anarudia.

Mkifanya hivyo mtaona jambo la kupendeza. Irabu zinafika. Sauti za a, e, i, o, u zina nguvu, nazo kwa Kiswahili ziko kila mahali. Zinazopotea ni konsonanti za kupulizia: s, sh, f, th. Hizi nguvu yake ni ndogo na iko kwenye masafa ya juu, na simu ya kawaida tangu zamani hupitisha kuanzia hezi 300 hadi 3,400 tu. Sehemu kubwa ya "s" iko juu ya hapo. Muunganisho wa Bluetooth wa mazungumzo ulirithi mpaka huo. Tangu 2011 umekuwepo utaratibu mpana zaidi, unaofika karibu hezi 7,000, lakini sharti vyombo vyote viwili viwe nao. Chombo kimoja kikiwa cha zamani, au mkiunganisha vyombo vya kampuni mbili tofauti kwa njia ambayo helmeti moja inajifanya simu, mara nyingi mnashuka wote kwenye ule mfumo mwembamba. Hapo "shimo!" anayopiga mkeo nyuma yako inafika masikioni kama "-imo", na wewe unaingiza mkono mfukoni kutafuta simu.

Kwa hiyo maneno ya hatari yachaguliwe kabla. "Tuta" ni neno zuri, fupi, lina "t" mbili zinazogonga. "Kushoto" na "kulia" hayagongani hata yakikatika mwanzo. "Shimo" ni baya. Wapo wanaosema "korongo", hata kama ni kishimo cha kuingia ndoo, na mimi nawaelewa. "Simama" na "sogea" yasitumike katika safari moja. Semeni "breki" na "pita kando".

Pimeni kwa mwendo tofauti: pikipiki ikiwa imesimama na injini inanguruma, kisha mwendo wa mjini, kisha mwendo wa safari. Msianze na mwendo wa safari. Na nawaambia mapema, yatakayowaharibia si injini. Kuanzia mwendo wa kilomita 60 na kitu kwa saa, upepo ndio unaotawala ndani ya helmeti, na ukifika 100 kelele hupita desibeli 90 bila shida. Taasisi ya usalama kazini ya Marekani, NIOSH, inapendekeza kikomo cha desibeli 85 kwa saa nane, na kila desibeli tatu zikiongezeka muda huo unakatwa nusu. Desibeli 91 ni saa mbili, 94 ni saa moja. Mtu wa Dar es Salaam kwenda Iringa anayapita hayo kabla hajafika Mikumi. Sasa ukiongeza spika juu ya kelele hiyo ili usikie, unalipa mara mbili.

Upepo mwingi unaingilia chini, shingoni. Kitambaa kilichofungwa vizuri shingoni, au lile pazia dogo la kidevuni linalokuja na helmeti na ambalo watu hulitupa, vinaweza kusaidia kuliko kubadilisha intakomu. Kioo cha mbele cha pikipiki nacho kinaweza kuleta balaa, kikiwa na urefu unaoupeleka upepo uliovurugika moja kwa moja kwenye helmeti. Jaribu kuinuka kidogo kwenye siti ukiwa katika mwendo. Kelele ikipungua kichwa kikiwa juu zaidi, umejua mchawi ni nani.

Kuna pia vizibo vya masikio, vile vya sponji vinavyouzwa kwenye maduka ya vifaa vya usalama kazini. Nikivitaja watu hucheka: nimenunua spika, halafu nizibe masikio? Lakini kizibo kinapunguza upepo na sauti ya spika kwa pamoja. Ukiongeza spika kidogo, uwiano kati ya maneno na kelele unapanda, huku jumla inayofika ndani ya sikio ikiwa ndogo. Wengine husema wanaelewa vizuri zaidi wakiwa wameziba, kwa sababu sikio lisilozidiwa huchambua maneno vizuri. Jaribuni na lile jaribio la maneno, mara moja bila vizibo na mara moja navyo, mhesabu wenyewe.

Mwaka 1911 daktari wa masikio wa Ufaransa, Étienne Lombard, alieleza jambo ambalo kila kondakta wa daladala analifanya bila kulisoma: mtu akizungukwa na kelele hupaza sauti pasipo kujua. Ndani ya helmeti tabia hiyo inaharibu kila kitu. Unapiga kelele, maiki inazidiwa, maneno yanapasuka, mwenzako anapunguza sauti ili asiumie, kisha ukirudi kuzungumza taratibu hasikii tena. Intakomu nzuri hukurudishia sauti yako mwenyewe kidogo masikioni, na mtu anayejisikia hupunguza mwenyewe. Kama yako ina mpangilio huo, uwashe. Kama haina, kubalianeni kwamba anayepiga kelele ananyamazishwa.

Kuna na ile tabia ya maiki kulala. Ili kuokoa betri na kupunguza mvumo, baadhi ya intakomu huzima maiki mpaka isikie sauti, ndipo inaamka. Inapoamka inameza silabi ya kwanza, wakati mwingine neno zima. Ukisema "Tuta!" inafika "-a!" Watu wa redio za upepo walishalizoea jambo hili siku nyingi, wanaanza na jina la wanayemwita, ndipo ujumbe. "Baba Neema, tuta mbele." Jina likimezwa, tuta linabaki. Na kwa mwendo mkubwa usishangae maiki isipolala kabisa, maana upepo unaiamsha kila wakati. Hapo ama upunguze wepesi wake wa kuamka, ama urudi kwenye sponji na kitambaa cha shingoni.

Kwa wanaosafiri na pikipiki mbili au zaidi linabaki suala la umbali. Boksi litasema kilomita moja, kilomita moja na nusu. Si uongo, ila ni kipimo cha uwanja mtupu ambao hauna kitu katikati. Masafa ya Bluetooth ni gigahezi 2.4, ambayo hayapendi vizuizi. Mwamba huyazuia, chuma huyarudisha, na mwili wa binadamu, kwa kuwa umejaa maji, huyameza. Ukitaka kuona tofauti kwa macho yako, ipo barabara moja yenye kila kitu, nayo ni ile ya Morogoro kwenda Iringa. Ndani ya Hifadhi ya Mikumi, takriban kilomita 50, pana sehemu zilizonyooka na mwendo wenyewe umewekewa kikomo kwa ajili ya wanyama. Hapo mnaweza kuachana mbali na mkaendelea kuzungumza. Mkishapita Ruaha Mbuyuni mkaanza kupanda Kitonga, hadithi inageuka. Kona moja, ukuta wa mwamba mkono mmoja na bonde mkono mwingine, halafu lori la Zambia lenye kontena limejipenyeza katikati yenu, na mwenzako amepotea hewani akiwa mita mia tu mbele. Akitokea tena baada ya kona, sauti inarudi. Msisimame kubonyezabonyeza vitufe pale Kitonga. Muhimu ni kujua kabla kama chombo chenu kinajirudisha chenyewe au kinangoja kubonyezwa. Hilo mnaweza kulipima hata Kibaha. Mmoja aende mpaka sauti ikatike, arudi, mwone.

Na hapo hapo pangeni mapema nani atapokea simu na nani atasoma ramani. Katika vyombo vingi simu inayoingia inakata mazungumzo ya helmeti, nayo mazungumzo yanakata muziki. Kwa hiyo, mwanamke wa watu yuko katikati ya kukuonya kuhusu ng'ombe, simu ya shemeji inaingia, wewe unabaki na mlio wa simu. Zimeni kupokea simu kwenye helmeti ya dereva. Simu ziingie kwa abiria, yeye mikono yake haina kazi. Hata ramani mimi ningempa abiria, asome mwenyewe aseme, maana yeye anajua dereva anahitaji kusikia nini na lini.

Muziki siusemei vizuri. Nchini Ufaransa, tangu tarehe 1 Julai 2015, mwenye gari, pikipiki au hata baiskeli haruhusiwi kuendesha akiwa na vifaa vya kusikilizia vilivyoingia au kuning'inia masikioni. Spika zilizo ndani ya helmeti zimeachwa ziruhusiwe. Waliotunga sheria hiyo walijua dereva anahitaji kusikia honi na king'ora. Ukiijaza helmeti bongo fleva tangu Ubungo hadi Mdaula, spika zikiwa ndani ya helmeti au ndani ya sikio, honi ya basi lililoko nyuma yako haikufikii kwa namna yoyote.

Mambo mawili ya mwisho. La kwanza ni kutunza. Boksi likiandikwa IP67 maana yake chombo hakipitishi vumbi, na kinavumilia kuzama mita moja kwa nusu saa, lakini kifuniko cha mpira cha tundu la chaji kikiwa kimefungwa. Kikiwa wazi hesabu hiyo haipo, na vumbi la barabarani linaingia polepole mpaka chaji inakataa. Na helmeti isiachwe juu ya tanki la pikipiki juani Dodoma mchana kutwa, wala isichajiwe ikiwa bado ya moto. Betri hizo za lithiamu hazitaki kuchajiwa zikizidi nyuzi joto 45, na tanki la chuma juani linavuka hapo mapema.

La pili ni la wanaonunua jozi. Siku moja chombo kimoja kitakufa au kitaibiwa, na utabaki na kimoja. Ukienda dukani ukanunua cha kampuni nyingine mara nyingi kitaungana, lakini kwa ile njia ya kujifanya simu, na nafasi ya simu yako halisi inachukuliwa, na "s" zako zinaweza kupotea tena. Kabla hujalipa, mwombe mwenye duka akuruhusu kuunganisha palepale, uende nacho nje mtaani, mwenzako abaki dukani, mfanye lile jaribio la maneno. Muuzaji akikataa, nenda duka la pili. Wauzaji ni wengi.

Ni hayo kwa leo, wasikilizaji. Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya minyororo ya pikipiki na kwa nini oili ya injini iliyotumika haifai kuilainishia.